S ya Mkaguzi

Sikumpenda, na sitajifanya kwamba miaka imenilainisha. Nilifundisha pamoja na mwalimu wa Kiingereza kwa miaka minne, katika shule moja ya Eastlands, Nairobi, iliyopakana na viwanda, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Yeye alikuwa na darasa la saba. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, msichana asiye na cheti, niliyeajiriwa kwa barua ya mwaka mmoja mmoja. Kati ya darasa lake na langu palikuwa na ukuta wa mbao ambao panya waliupita bila taabu, sembuse sauti. Kila neno alilofundisha nililisikia. Kila fimbo pia.

Wapo wanaomsifu mpaka leo. Nimekutana nao katika harusi na matanga, watu wazima wenye vitambi na kazi za ofisini, na wote husema maneno yale yale: "Yule mzee alitunyoosha." Huwa natazama pembeni. Chuma hunyooshwa pia, kwa nyundo.

Alikuwa na suti moja ya rangi ya majivu. Aliivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kabla ya kuketi popote alitandika ukurasa wa gazeti juu ya kiti, kana kwamba sisi wengine tuliokikalia tulikuwa tumetoka kuchimba makaa. Asubuhi alipita langoni akisalimia kwa Kiingereza tu. Palikuwa na mama muuza mandazi pale, mtu mzima aliyeweza kumzaa. "Good morning," angemwambia, bila kumtazama. "Mzuri, baba," mama alijibu kila siku, kwa moyo wote. Mwalimu wa Kiingereza alifika chumba cha walimu akitusimulia jibu hilo na kucheka mpaka akakohoa. Alilisimulia miaka minne. Mandazi ya mama huyo aliyala, lakini alimtuma mwanafunzi akamnunulie.

Watoto walimpachika jina la Ankauntabo, yaani uncountable kwa matamshi yao. Hilo lilitokana na somo lake kuu, ambalo kwa maoni yake ndilo lililowatenganisha watu na wanyama: nomino zinazohesabika na zisizohesabika. Kila Januari alichora mstari wima katikati ya ubao. Kulia aliandika zinazohesabika. Kushoto aliandika zisizohesabika, na hizo hazikufutwa mwaka mzima: furniture, luggage, advice, information, news, equipment, bread, hair, maize. Neno la kushoto halibebi s. Ukilibebesha s, unalala juu ya dawati. S moja, kiboko kimoja.

"S moja imewarudisha wengi kijijini," alipenda kusema. Na pia: "Mtu hujulikana kwa s yake."

Siku moja nilimsikia mvulana akimuuliza kuhusu mkate. Mtoto huyo alitumwa dukani kila alfajiri, kama watoto wote wa mitaa ile, akanunue nusu mkate wa chai.

"Ticha, mkate hauhesabiki?"

"Hauhesabiki."

"Na nusu, ticha?"

Darasa zima lilicheka. Mvulana alichapwa viwili, kimoja cha mkate na kimoja cha nusu.

Hilo ndilo lililonifanya nimdharau kabla sijapata sababu kubwa zaidi. Swali la mtoto lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe nilikwenda nyumbani Jericho, chumba changu kimoja, nikalifikiria huku nikikata sukuma. Jumamosi iliyofuata nilipekua kitabu cha zamani cha sarufi katika maktaba ya kanisa, nikakuta jambo lenyewe linaelezwa kwa sentensi moja tu: Waingereza huuona mkate kama sisi tunavyouona unga, kitu cha kupima, na wanachokihesabu ni vipande vyake. Basi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu angelielewa kabla chai haijapoa. Lugha yetu nayo ina mambo yake, maana maji ya glasi moja tunayaita haya, kana kwamba ni umati. Nilimletea mwalimu wa Kiingereza habari hiyo kwa furaha ya kijinga. Alinitazama juu ya miwani.

"Madam," akasema, "wewe shughulikia hesabu."

Hapo nikajua kwamba hakuwa na jibu, hakuwahi kuwa nalo, na hakuona kwamba alilihitaji. Orodha aliikariri kwa fimbo alipokuwa mdogo, na alichokifanya ni kuipitisha kwa wengine kwa njia ile ile.

Katika chumba cha walimu alikuwa vivyo hivyo. Alitembea na kalamu nyekundu mfukoni kama askari na bunduki. Kadi za harusi alizisahihisha kabla ya kuuliza nani anaoa. Mwenzetu wa darasa la tatu alifiwa na baba yake huko Kitui, akaandika barua ya kuomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, akaiacha mezani ili ipelekwe ofisini. Aliandika kwamba habari za kifo zimemfikia, na kwa Kiingereza news akazifanya nyingi, kama tunavyozifanya sisi. Aliporudi kutoka darasani alikuta barua yake ina duara jekundu, na pembeni maneno mawili: "News is." Akaisoma amesimama. Akachukua karatasi nyingine, akaanza kuandika upya, machozi yakidondoka juu ya wino. Sote tulikuwepo. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akimenya chungwa.

Nitasema pia jambo ambalo nisingependa kulisema. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na mtaro mbele ya shule ulifurika maji machafu ya viwandani, mekundu, yakifika mapajani pa mtu mzima. Watoto wa darasa la kwanza walikwama upande wa pili wakilia. Sisi walimu tulisimama tukiita watu wa mtaani. Mwalimu wa Kiingereza alivua koti la suti, akalikunja, akanikabidhi mimi, akaingia. Aliwabeba mgongoni mmoja mmoja, watoto ishirini na kitu, akawavusha wote. Na aliongea nao Kiswahili. Mtu aliyewavisha wanafunzi kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kusema "njoo" badala ya "come", siku hiyo alisema, "Shika shingo yangu, mtoto wangu. Usitazame maji. Tazama kofia ya yule pale." Kilikuwa Kiswahili laini ajabu. Alipomaliza akachukua koti lake, akasema "Thank you, Madam," na kesho yake mbao ikarudi shingoni mwa watoto. Sijui nifanye nini na siku hiyo. Huwa nairuka, lakini ilitokea.

Sasa nifike kwa Mwikali.

Mwikali alikuwa msichana mwembamba wa darasa la saba. Kila asubuhi alitembea kutoka Mukuru kwa Njenga akiwa amebeba viatu mkononi, akavivaa langoni. Mama yake alipika githeri na kuwauzia vibarua kwenye lango la kiwanda kimoja Industrial Area. Katika hesabu Mwikali alikuwa wa kwanza, na katika Kiingereza hakushuka chini ya nafasi ya tatu. Alikuwa na mazoea ya kuniletea maswali aliyoogopa kumuuliza mwenzangu.

"Ticha," aliniambia siku moja wakati wa mapumziko, uso wake hauna hata chembe ya mzaha, "maharagwe yanahesabika. Yako kulia. Mahindi hayahesabiki. Yako kushoto. Sasa mama akichanganya githeri, hiyo sufuria naiandika wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamweleza lile la kupima na kuhesabu. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe ni vile wanaangalia," akasema. "Si vile kitu kiko." Nilifundisha miaka mingi baadaye, na wachache sana walinijibu hivyo.

Mwaka huo, wiki za kwanza za muhula, mkaguzi alikuja. Habari ilitangulia siku mbili. Tulipaka kuta chokaa, tukafagia uwanja, na mwalimu wa Kiingereza akaipiga suti yake pasi hadi ikang'aa viwikoni. Kwangu ziara hiyo ilikuwa na uzito wake. Mwalimu Mkuu alikuwa amenidokezea kwamba mkaguzi angependekeza jina moja la mwalimu asiye na cheti liende chuo cha ualimu. Tulikuwa watatu tuliolitaka jina hilo.

Mkaguzi alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya redio. Alipofika darasa la saba alitaka rejista, na rejista nilikuwa nayo mimi. Nikaileta, nikaambiwa nikae nyuma. Kwa hiyo yote yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu.

Mkaguzi alitazama chumba: madawati machache, watoto watatu watatu, ramani iliyoliwa na mchwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba anaona shule ina upungufu wa vifaa: equipments.

Nililisikia neno hilo likianguka. Watoto nao walilisikia. Vichwa karibu hamsini viligeuka kidogo kuelekea kushoto kwa ubao, ambako neno lenyewe lilikaa, jeupe, bila s, chini ya news. Halafu wakamtazama mwalimu wao. Walingoja.

"Yes, sir," akasema mwalimu wa Kiingereza. "The equipments are very few, sir."

Huenda ulimi ulimteleza. Nilitaka kuamini hivyo. Lakini alirudia. Alieleza jinsi alivyoomba equipments, na jinsi wazazi wasivyothamini equipments, na kila alipoifikia ile s aliibonyeza vizuri, kwa heshima, kama mtu anayemfungulia mkubwa mlango wa gari. Mtu huyu alikuwa amewachapa watoto wale wale, katika chumba kile kile, kwa s hiyo hiyo.

Mwikali akainua mkono.

Mkaguzi akafurahi. Wakaguzi hupenda mkono ulioinuliwa. "Yes, my girl?"

Mwikali akasimama, akasema kwa Kiingereza safi, taratibu, kwamba tafadhali bwana, equipment haina s, maana haihesabiki, na imeandikwa pale ubaoni. Hakukuwa na kiburi ndani yake. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

Mkaguzi alitazama ubao. Shingo yake ikabadilika rangi. Akatoa kicheko kifupi, akamgeukia mwalimu.

"Ni kweli hivyo, mwalimu?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa na neno la kusema lililokuwa la kweli, analolijua kuliko kitu chochote duniani, na mtoto aliyemfundisha mwenyewe alikuwa amelisema vizuri mbele ya mkubwa. Mwalimu mwingine angefurahi kwa siri mwaka mzima.

"No, sir," akasema. "Msichana huyu hajaelewa. Ni mmoja wa wale wazito."

Kisha akachukua dasta, akaenda ubaoni, akalifuta neno. Alilifuta hilo peke yake, kwa uangalifu, asiguse la juu wala la chini. Mwikali alikuwa bado amesimama. Alitazama mahali palipofutwa, akatazama nyuma ya darasa, akaniona mimi. Nikainamia rejista.

Hakumchapa. Watu wakisikia kisa hiki huuliza hilo kwanza. Siku iliyofuata neno lilikuwa limeandikwa tena mahali pake, na somo likaendelea. Lakini majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la saba yalipoandaliwa, la Mwikali halikuwemo. Mwalimu wa Kiingereza aliandika kwamba hayuko tayari, arudishwe darasa la sita.

Mama yake alikuja Jumatatu. Alikuja kabla ya kupeleka sufuria kazini, leso imefungwa kiunoni, mikono ikinuka moshi. Mimi nilikuwa ofisini nikitia sahihi kitabu cha kufika kazini. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameitwa, amesimama dirishani na kalamu yake. Mwikali alisimama nyuma ya mama yake.

"Mwalimu Mkuu," mama akasema, "mimi Kizungu sijui. Sikuja kubishana na Kizungu. Lakini huyu ni mimi nimemzaa, na akidanganya namjua. Anasema neno lilikuwa ubaoni, na mwalimu akalifuta. Sasa anarudishwa kwa sababu gani?"

"Mama, mwalimu wake anasema hajaelewa somo."

"Alimvunjia mgeni heshima," akasema mwalimu wa Kiingereza. Alisema kwa Kiswahili; kwa mama huyo alikubali kujishusha hadi hapo.

"Heshima ni kitu kingine," mama akasema. "Mimi nauliza neno. Lilikuwa ubaoni ama halikuwa?"

Mwalimu wa Kiingereza akageukia dirisha.

"Kulikuwa na mtu mwingine mzima hapo ndani?" mama akauliza.

"Ticha wa hesabu alikuwa," Mwikali akasema.

Wote wakanigeukia. Mwalimu Mkuu alinitazama kwa namna ya mtu anayeomba siku yake isiharibike. Mama Mwikali alinitazama kwa matumaini, na hayo ndiyo macho ninayoyakumbuka. Ripoti ya mkaguzi ilikuwa bado haijatoka. Jina lilikuwa bado halijatajwa.

"Nilikuwa naangalia rejista," nikasema. "Ubao sikuuona."

Mama akaniangalia kidogo zaidi. Kisha akasema, "Haya, mwalimu. Asante," kwa adabu kamili, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Kupitia dirishani niliwaona wakivuka uwanja. Mwikali alivua viatu langoni.

Wiki tatu baadaye jina lilitajwa, na lilikuwa langu. Nikaenda chuoni, nikapata cheti, nikapangiwa shule nyingine mbali na pale.

Ya Mwikali niliyapata kwa mama yake. Nilipita lango la kile kiwanda mara moja kwa makusudi, miaka kadhaa baadaye nilipokuwa likizoni, nikiwa nimetayarisha maneno. Alinitambua mara moja. "Mwalimu! Karibu, kula," akanipakulia bakuli kabla sijafungua mdomo. Aliniambia alimhamishia mtoto shule nyingine, huko akarudia mwaka, akapasi, akapata sekondari upande wa Machakos. "Lakini mwaka wote huo mwalimu wake mpya alilalamika," akasema, akipangusa mwiko. "Alisema anaandika vizuri, lakini darasani hainui mkono. Hata akijua, hainui." Baadaye msichana alipata kazi ya simu katika ofisi moja Mombasa. Mama alisema hayo kwa fahari, bila kunilaumu kwa neno wala jicho. Nilikula nikamaliza. Maneno niliyoyatayarisha nilirudi nayo nyumbani.

Mwalimu wa Kiingereza nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka ya themanini ikiwa katikati. Nilisikia kwamba amestaafu na anaugua, anaishi Baba Dogo, katika nyumba ya vyumba vitatu karibu na karakana ya kuchomelea vyuma. Nilikwenda, na nitakiri nia yangu: sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumwambia usoni alichomfanyia yule mtoto. Nilikuwa sasa mwalimu mwenye cheti, naibu wa Mwalimu Mkuu, sina wa kumwogopa.

Binti yake alinikaribisha, akaleta chai. Mzee alikuwa amekonda, blanketi magotini, lakini alijitahidi kukaa wima. Karakana ilipiga kelele nje, ikabidi tupaze sauti. Nikamuuliza kama anamkumbuka Mwikali.

"Nani?"

"Mwikali. Wa darasa la saba. Siku ya mkaguzi."

Alifikiri. Nilimwona akitafuta kwa dhati, si kwa kukwepa. "Mkaguzi namkumbuka sana," akasema, uso ukimchangamka. "Mtu mkubwa yule. Aliniandikia ripoti nzuri. Msichana… hapana. Walikuwa wengi, Madam."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, neno, dasta, orodha, mama. Alisikiliza kwa upole, akitikisa kichwa, kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo mwingine. Nilipomaliza akasema, "Watoto huumia kwa mambo madogo," akaomba binti yake aniongezee chai.

Nikasimama kuaga. Alisisitiza kunisindikiza, akiegemea ukuta, hatua moja moja hadi langoni. Hapo akanishika mkono akaushikilia.

"Wewe ulikuwa mtu mzuri," akasema. "Wale wenzako wawili walikuwa na midomo. Wewe hukunisumbua hata siku moja. Siku ile ofisini, na yule mama, nilikuona. Jioni hiyo hiyo nilimwandikia mkaguzi barua. Nilimwambia, kama ni mmoja, awe yule wa hesabu." Akatabasamu, amefurahi kweli kuniona. "Ama ulidhani jina lako lilifikaje chuoni?"

Karakana ilikuwa imenyamaza kidogo. Ningeweza kusema lolote na angelisikia.

Nikamwambia asante.